Kioo Kilicholia Sikioni mwa Norina

Meno yangu yanauma hadi leo nikikumbuka mlio ule. Watu wa hapa kijijini hupenda kunisimulia mambo yao ya kutisha, nani alitumbukia mferejini na pikipiki, nani alifumaniwa siku ya sherehe ya mtakatifu wetu, na mimi huitikia kwa adabu huku moyoni nikisema hamjaona kitu. Mimi nilisimama hatua moja kutoka kwa Norina Zanchetta, vichupa viwili vikipiga ukelele mikononi mwake, sikioni kwake kabisa, naye anatabasamu.

Lakini nianze na yeye mwenyewe, maana Norina si mtu wa kurukiwa.

Alizaliwa katika nyumba ya mwisho kabla ya tuta la mfereji, huku kwetu kwenye tambarare kati ya Padova na Treviso, baba yake akilima mahindi ya watu wengine. Aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi na saba, wakati kiwanda kilikuwa bado kinatengeneza chupa za dawa ya kikohozi na wasichana walizipanga kwenye majani makavu. Alikuja kwa baiskeli. Siku ninayotaka kuisimulia alikuwa na miaka sitini na mmoja na bado alikuja kwa baiskeli ileile, ingawa mume wake, Attilio, alikuwa ameibadilisha kila kitu isipokuwa kengele. Jumapili baada ya misa alicheza karata na wanaume kwenye baa, akawafunga, kisha akawauliza kama wake zao wanajua kwamba wametoka nyumbani bila akili. Walimpenda kwa hilo. Sote tulimwita shangazi, hata Ruggero Pavan, msimamizi wa zamu, ambaye Norina alikuwa bado anakumbuka rangi ya kofia aliyovishwa siku ya ubatizo wake na aliitaja kila Ruggero alipojaribu kupandisha sauti.

Mimi naitwa Mirella. Nilifika kiwandani nikiwa na miaka ishirini na miwili, sijui kitu, na Norina ndiye aliyenifundisha. Sasa niko maabara, kwenye meza ya kupimia, na laiti ningebaki kupanga trei.

Vichupa vyetu ni vile vidogo vya dawa za sindano. Kioo kikitoka motoni kina kiburi cha ajabu: kikigusana na mwenzake hakitelezi, kinang'ang'ania, na kikilazimishwa kinakwaruza. Kwa hiyo tunakivisha. Vichupa vinapita kwa safu nane chini ya pua nane zinazopulizia majimaji mepesi, vinaingia tanurini, na vinatoka na ngozi ambayo jicho haliioni. Sisi huiita shati. Kichupa chenye shati kinateleza juu ya mwenzake kama sabuni iliyolowa. Kisicho na shati tunasema kiko uchi, na wageni wakitusikia wanadhani sisi ni watu wasio na haya.

"Mkwaruzo una subira, binti," Norina aliniambia wiki yangu ya kwanza. "Hauvunji kichupa leo hapa mbele yako ili upate akili. Unangoja mpaka kiko mkononi mwa nesi."

Kisha akanionyesha namna ya kujua. Unachukua vichupa viwili, unavikutanisha kwa kuvipishanisha, unavisogeza sikioni, unavisugua. Vyenye shati vinanyamaza. Vilivyo uchi vinalia, mlio mwembamba mkali kama wa nguruwe mchanga anayeshikwa mguu. Zamani wote walifanya hivyo kwa mikono mitupu, na mkono ulijua kabla ya sikio. Baadaye zikaja kanuni za usafi, glavu mbili kila mkono, na mikono ikawa bubu. Zikaja pia mashine kubwa zenye mngurumo wa kutia wazimu, tukapewa vizibo vya masikio. Wote tulivivaa mchana kutwa. Norina peke yake ndiye aliyekuwa anatoa kizibo cha sikio la kulia, anasugua, anasikiliza, anakirudisha. Kanuni ilikataza jambo hilo na Ruggero alilifumbia macho.

Alilifumbia macho kwa sababu ya mwaka wa mafuriko. Meza yangu ya kupimia ni kitu rahisi: unalaza vichupa viwili, unaweka cha tatu juu yao, meza inainuka upande mmoja polepole, na cha juu kikianza kuteleza unasoma digrii. Kikiteleza kabla ya kumi na mbili, shati ni zima. Mwaka ule maji ya mfereji yalipenya chini ya maabara, mguu mmoja wa dawati ukadidimia bila mtu kuona, na meza ikawa inapitisha mashati mabovu. Norina akasema vinalia. Bosi wa wakati huo akasema meza imenunuliwa Ujerumani. Norina akasema yeye amezaliwa hapa, akatoka, akaenda kumleta fundi aliyekuwa akijenga ukuta wa shule, pamoja na pima maji yake. Fundi akaiweka ile pima maji juu ya dawati mbele ya watu wote na tone la hewa likakimbilia pembeni. Bosi alinunua vinywaji baa nzima jioni ile. Tangu hapo ikawa sheria isiyoandikwa kwamba meza na Norina wakigombana, Norina ndiye mshindi. Tuliijivunia sheria hiyo. Vijiji vingine vina mnara, sisi tulikuwa na sikio.

Sasa nieleze habari ya nyenje, nayo nitaieleza kwa aibu.

Kiangazi cha mwaka jana Norina alianza kulalamika kwamba nyenje wamekwisha. Alisema wakulima wamewamaliza kwa sumu ya mahindi, na kwamba utotoni mwake hukuweza kulala mchana kwa kelele zao, sasa ile miti mirefu ya mipopla yote imekaa kimya kama makaburi. Aliandika barua kwa meya. Akapita nayo nyumba kwa nyumba na kwenye baa, tuweke saini. Nami niliweka. Nakumbuka vizuri: nilikuwa nimeegemea kiti chake cha baiskeli chini ya mpopla, na nyenje wakinipigia kelele kichwani hata sikusikia vizuri alichokuwa anasema. Nilidhani labda anasema wa upande wa nyumbani kwake. Au sikudhani chochote. Nani angebishana na Norina juu ya kusikia? Watu arobaini na mmoja tulisaini karatasi ile, na miti ikiimba juu yetu.

Mwezi wa tano mwaka huu meza yangu ilinipa digrii ishirini na saba.

Nilishtuka, nikabeba vichupa vilevile mpaka kwa shangazi. Mashine zilikuwa zinanguruma, mimi na vizibo vyangu masikioni. Akatoa kizibo chake, akasugua, akasikiliza, akanipungia mkono kama anayefukuza kuku. Kimya. Nikarudi maabara, nikaifuta meza kwa spiriti, nikachukua vichupa vingine kwenye trei nyingine, nikapata kumi na moja. Nikaandika kumi na moja. Kwenye nafasi ya maelezo nikaandika kwamba kipimo cha kwanza kilikosewa. Mzigo ukaenda.

Mwezi wa sita ikatokea tena, na wiki mbili baadaye tena. Kila mara nilikwenda kwa Norina, kila mara akanipungia mkono, kila mara nikachukua vichupa vingine mpaka nikapata namba niliyoitaka. Sikuvisugua mwenyewe hata mara moja. Nivisugue kwa nini, na Norina yupo? Mara ya tatu alinitania kwamba meza yangu inazeeka vibaya kuliko yeye, nikacheka, nikarudi kuandika kumi na moja. Sikio la kufa halisikii dawa, walisema wahenga, na wakati huo ningeapa kwamba hawakuwa wananisema mimi.

Ikaja Alhamisi ya katikati ya mwezi wa saba. Mchana, saa nane hivi, mbingu ikawa ya rangi ya mzeituni na mvua ya mawe ikaanza kupiga paa. Umeme ukakatika. Jenereta yetu inalisha matanuri tu, kwa hiyo mashine zote nyingine zilisimama kwa mpigo, na watu wakavua vizibo wakaenda kwenye mlango mkubwa kutazama magari yao yakibondwa. Mimi nilikuwa natoka maabara na vichupa viwili mkononi, vizibo nimeviacha mezani. Meza ilikuwa imeniambia ishirini na sita, dakika chache kabla ya giza. Mzigo wenyewe ulikuwa umeshapakiwa: paleti kumi na nane ndani ya lori, milango imefungwa, lakiri, ile kamba ya muhuri yenye namba, imepigwa, dereva anakunywa kahawa akingoja mawe yaishe. Vichupa vile vilikuwa vya dawa ya kupitishwa kwenye mshipa, ya wagonjwa ambao damu yao haina tena nguvu ya kujikinga. Ufa mwembamba kama unywele ukiingiza hewa chafu, mgonjwa wa namna hiyo hana la kufanya.

Norina alikuwa peke yake kwenye bohari, amekaa juu ya trei tupu. Aliona nimeshika nini akanyoosha mkono kabla sijasema neno. Akatoa kizibo kwa mazoea, ingawa hapakuwa tena na mashine ya kuzibia. Akavipishanisha vichupa, akavisogeza sikioni, akasugua.

Kililia kioo. Kililia hivi kwamba nilijikunja, mabega yakapanda mpaka masikioni, meno yakashikana. Popo akiwa darini angeanguka. Nilikuwa sijawahi kusikia kioo kikilia namna ile, kwa sababu miaka yote hiyo nilikuwa na vizibo.

"Kimya," alisema Norina. "Kama kanisani siku ya Jumatatu. Meza yako imekula nini safari hii?"

Nilingoja acheke. Nilikuwa na hakika ni mzaha, maana yeye ni mtu wa mizaha. Nikamtazama usoni, na uso ulikuwa umetulia, unatabasamu, macho yamefumbwa nusu, jinsi alivyokuwa akisikiliza siku zote. Akasugua tena ili kunithibitishia. Kikalia tena. Akatikisa kichwa kwa kuridhika na kunirudishia vichupa.

Wanasema mtu aliyepigwa na radi anaona maisha yake yote; mimi niliona namba. Kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Kisha nikaona televisheni ya kwao inayosikika barabarani, na Attilio anayezungumza na mkewe kama anayeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mfereji, na mipopla. Yote yalikuwa mbele ya macho yetu. Kijiji kizima tulikuwa tumelijua jambo hili bila kulijua.

Nami nitasema ukweli: niliwaza kunyamaza. Mwezi wa tisa alikuwa anastaafu. Ruggero alikuwa ameshachangisha fedha za mkufu wa dhahabu, sardini za siki na vitunguu zimeshaagizwa kwa watu themanini. Mvua ikikatika lori litaondoka, na litakuwa limeondoka, basi. Ningeweza kwenda kimyakimya kumwambia Ruggero kesho kwamba pua mojawapo ikaguliwe. Nilikuwa nimesimama hapo nikipanga uoga wangu vizuri kama trei, na mawe yalianza kupungua juu ya paa.

"Shangazi," nilisema, "vinalia."

"Nani analia?"

"Vichupa. Vinalia sana."

Alinitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtoto anayesema ameona jini. "Mirella, kati yangu na wewe, nani anajua kilio cha kioo?"

Sikubishana. Nilichukua vichupa viwili vizuri kwenye kasha la sampuli za mwezi uliopita lililokuwa hapo bohari, nikavitia mfuko wa kulia, vile vibaya nikabaki navyo. Nikamwomba ageuke anipe mgongo. Nilimwambia nitasugua vya aina moja, kisha vya aina nyingine, aniambie vipi ni vipi. Aligeuka akinung'unika kwamba amefundisha watoto wa shule wenye adabu kuliko mimi. Nikasugua vizuri kwanza. Kisha nikasugua vibaya, karibu na kisogo chake, kwa nguvu, nikaendelea kusugua mpaka machozi yakanitoka kwa ule mlio.

"Anza basi," alisema Norina.

Mikono yangu iliendelea tu. Alingoja, akaona kimya kimezidi, akageuka, akaikuta mikono yangu inasugua mbele ya uso wake.

Alitazama mikono. Hakutazama uso wangu hata kidogo. Alinishika kiganja, akavitoa vichupa, akavielekeza kwenye mwanga wa mlangoni. Kila kimoja kilikuwa na mstari mweupe ubavuni, na kwenye glavu yangu kulikuwa na unga wa kioo, mdogo kama sukari laini iliyomwagika. Alipitisha kidole juu ya ule unga. Nimewahi kumwona Norina akizika mama yake, na hakuwa na uso ule.

"Nyenje wapo?" aliuliza.

"Wapo, shangazi."

"Mwaka jana?"

"Walikuwepo."

Alikaa juu ya trei. Nilidhani atazimia, nikamshika bega, akautoa mkono wangu taratibu kama anayeondoa jani lililomwangukia. Kisha akaniuliza swali moja tu, mizigo mingine ni mingapi, nikamwambia mitatu. Akarudia, mitatu. Akasimama. Alichukua trei ya plastiki, akaiweka kichwani kama mwavuli, na akatoka nje kwenye mawe yaliyobaki, moja kwa moja mpaka nyuma ya lori. Alikuwa na mkasi mdogo wa kukatia kamba, uliokaa mfukoni mwake tangu enzi za majani makavu. Akaikata lakiri.

Kwetu hakuna kitu kizito kuliko hicho. Lakiri ikikatwa, mzigo haupokelewi na mtu yeyote, hata ukiwa safi kama maji ya chemchemi. Na aliyekata bila ruhusa anafukuzwa siku hiyohiyo. Dereva alitoka mbio na kikombe mkononi. Ruggero naye akaja, suruali imelowa mpaka magotini, akipiga kelele kwamba shangazi amerukwa na akili, paleti kumi na nane, atamwambia nini mkurugenzi.

"Mimi ni kiziwi, Ruggero," alisema Norina. "Andika."

Ruggero akacheka. Alicheka kweli, naye maskini hakuwa na kosa, nani asingecheka? Akanigeukia mimi nimsaidie kucheka. Aliponiona akanyamaza, na nikaona uso ukimpauka kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni.

"Andika jina langu kwanza," alisema Norina, "kisha andika mizigo mitatu iliyotangulia, kisha piga simu. Usipige kesho."

Tulifungua mitambo jioni ile. Pua ya sita kati ya nane ilikuwa imeganda, inatema na kuacha, inatema na kuacha. Safu moja katika nane ilikuwa inapita uchi. Ndiyo maana nilipochukua vichupa vingine nilipata namba nzuri: nilikuwa ninachota kwenye safu saba zilizobaki. Ningeandika ishirini na saba mara moja tu, kwa mkono ule ule, fundi angekuja siku hiyohiyo.

Mizigo miwili ilikutwa bado kwenye ghala la wanunuzi wetu, haijaguswa. Wa tatu ulikuwa umeshajazwa dawa. Wale watu walikiri kwa simu kwamba waliona unga wa kioo kwenye mashine yao na vichupa vikigandamana, wakadhani mashine ndiyo mbovu, wakaipaka mafuta. Dawa ikaitwa irudi kutoka hospitali zote. Walivichunguza kimoja kimoja kwenye mwanga, wakapata tisa vyenye nyufa. Makasha manne hayakurudi kabisa, kwa sababu yalikuwa yameshatumika. Nini kilikuwamo katika makasha yale, na nani alilala kitandani chini ya vichupa vile, hatukuambiwa, na hatutaambiwa. Norina alikuwa akimpigia Ruggero kila asubuhi kuuliza. Mpaka leo anapiga.

Nilimpeleka mimi kwa daktari wa masikio, mjini Castelfranco, kwa sababu Attilio alikuwa analia hawezi kuendesha gari. Daktari alitoa karatasi yenye mstari unaokwenda sawa, sawa, halafu unashuka ghafla kama ng'ombe aliyefika ukingo wa tuta. Sauti nene zote alizisikia. Nyembamba zilikuwa zimekwenda, miaka sita, labda saba, na hazikuaga. Kisha daktari akashangaa kitu, akauliza kwa nini sikio la kulia limeharibika kuliko la kushoto. Nilijibu mimi, kwamba ndilo alilokuwa akilifungua kila siku katikati ya mashine ili asikilize. Daktari aliweka kalamu mezani, akatazama dirishani.

Mkufu aliukataa. Sherehe hakuitaka. Barua ya kiwanda ilisema anaachishwa kazi kwa heshima, mimi nikapewa onyo la maandishi, na kwenye kikao hakuna aliyeniuliza zaidi, maana wote, kuanzia mkurugenzi mpaka mfagizi, walikuwa na lao la kuficha. Sote tuliamua, bila kusemezana, kwamba ni mkasa wa sikio la kikongwe. Niliona nimepona. Nililala usingizi, hilo ndilo linalonishtua nikilikumbuka.

Mwezi wa tisa aliniita nyumbani. Nilimkuta uani chini ya mzabibu, na vidude viwili vya rangi ya ngozi nyuma ya masikio. Attilio alinimiminia divai na kuzungumza nami kwa sauti ya kawaida, jambo ambalo bado alikuwa analizoea. Nyenje wa mwisho wa msimu walikuwa wakiimba kwenye mipopla ya tuta. Norina alikuwa ameinua kidole kimoja, kama anayewahesabu, na macho yake yalikuwa mekundu.

Mezani aliweka vichupa viwili. Nilivitambua kwa ile mistari meupe. Aliviinua, akavipishanisha, akavisogeza sikioni kwa namna ileile niliyoijua kwa miaka ishirini na moja, akasugua. Aliruka kitini. Vichupa vilimponyoka, kimoja kikavunjika kwenye mawe ya ua, na yeye akabaki ameziba masikio kwa viganja, mdomo wazi.

"Hivi ndivyo vilivyokuwa vinalia?" aliniuliza. "Mbele yako, hivi?"

"Ndivyo."

Akafungua droo ya meza akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ile barua ya nyenje; meya alikuwa ameirudisha. Aliilaza mbele yangu, akaipapasa mikunjo ikalainika, akashuka na kidole kwenye majina, jina baada ya jina, mpaka kwenye langu.

"Siku hii," alisema, "nyenje walikuwa wanaimba?"

"Walikuwa wanaimba, shangazi."

"Uliwasikia?"

"Niliwasikia."

"Na meza ilipokuonyesha ishirini na saba, uliiona?"

Nikasema niliiona.

"Mimi sikio langu lilikufa, sikujua kwamba limekufa," alisema Norina. Hakuwa na hasira, ningeshukuru kama angekuwa nayo. "Nilikuwa nakungojea wewe uniambie."

Attilio aliinama akaanza kuokota vipande vya kioo kwa mkono, kimoja kimoja, akiviweka kwenye kofia yake.